Msiende Mombasa Kupiga Picha ya Bega

"Daktari, nikapige picha Mombasa?" Swali hili naulizwa na manahodha, na mafundi wa majahazi wa Matondoni, na hamali wa gatini. Anayeuliza hakuanguka wala mkono haujafa ganzi. Bega limemuuma wiki kadhaa, basi. Nauli keshaipiga hesabu: boti hadi Mokowe, basi, malazi, na picha yenyewe. Jibu langu ni hapana, na leo naliandika ili nisilirudie tena.

Nyuma ya swali hilo pana imani: panapouma pameharibika, picha itaonyesha palipoharibika, na pakitengenezwa maumivu yataisha. Katika maumivu ya kawaida ya bega, imani hiyo haina mashiko. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliyapima kwa mawimbi ya sauti mabega ya wanaume 51 wa miaka 40 hadi 70, wote wasioumwa chochote. Asilimia 96 walikutwa na kasoro, zikiwemo kano zilizochakaa na nyingine zilizochanika. Wenyewe walikuwa wakiendelea na shughuli zao.

Na kutengeneza je? Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 313 wa Uingereza. Baadhi walikwanguliwa mfupa unaodaiwa kuzibana kano; wengine waliingizwa kamera tu begani, pasirekebishwe kitu. Wakapata nafuu sawasawa. Hata wale ambao hawakupasuliwa kabisa hawakuachwa mbali.

Isitoshe, picha huumiza. Mtu hurudi na bahasha yenye maneno "kano imechanika", na tangu siku hiyo hagusi kasia wala hatweki tanga. Mtazame akivua shati: anatanguliza mkono mzima, ule mwingine kaubana ubavuni, pumzi kaizuia. Namlaza chali, namwambia aunyanyue taratibu huku akipumua. Mara nyingi mkono uleule unafika sikioni. Kano haiungi kwa dakika mbili. Kilicholegea ni hofu. Hofu hukaza misuli, na bega lisilotumiwa hukakamaa na kuishiwa nguvu, mwisho likalalamika hata kwa ndoo ya maji. Hilo hakuna picha inayolionyesha.

Mtafiti Rachel Chester na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 1,030 wa bega waliotibiwa kwa fiziotherapia Uingereza. Baada ya miezi 6, waliokuwa na hali nzuri zaidi walikuwa hasa wale waliotarajia kupona tangu mwanzo, na walioamini kwamba wanaweza kuendelea na shughuli hata bega likiuma. Wapo walioanza na maumivu makali lakini wakijiamini, na hawakuzidiwa na wenye maumivu madogo wasiojiamini.

"Kwa hiyo najitungia?" La! Maumivu ni ya kweli. Lakini mfumo wa neva haupimi kano peke yake, hupima na hatari. Usingizi mbovu, deni la dukani, kusi inayovuma vyombo visitoke: vyote huyakoleza. Ndiyo maana nakuuliza unalalaje kabla sijagusa bega.

Sasa la kufanya. Hospitali leo hii: aliyeanguka na mkono haunyanyuki, bega lililobadilika umbo, lililovimba na kuwa jekundu pamoja na homa, au ganzi inayozidi. Bega linalouma pamoja na kifua kubana au jasho la ghafla huenda ni moyo, usingoje kesho. Maumivu ya usiku na mwili unakonda bila sababu, njoo upimwe. Bega lililoganda, pima sukari. Wengine wote: punguza mzigo, usiache kazi. Tambaza mkono ukutani kwenda juu mara 10, asubuhi na jioni. Ukizoea, shika chupa ya maji ya nusu lita, kisha ya lita moja, kisha kasia. Maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake hayaharibu kitu. Yakizidi, rudi hatua moja, usirudi kitandani. Sindano hutuliza kwa wiki chache, haijengi nguvu. Mkandaji akikuburudisha, sawa, ila akisema bega "limetoka" na anataka kulivuta, mkatalie. Jipe wiki 12. Usipojua uanzie uzito gani, njoo tuupange pamoja, ila kuunyanyua ni kazi yako.