Sumu Isiyo Kwenye Orodha

Mei 1916, Kondoa ilikuwa uwanja wa vita. Jeshi la Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini lilikuwa limeuteka mji, na usiku wa tarehe 9 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akalishambulia, akitumia hata mizinga iliyong'olewa kwenye manowari ya Königsberg. Yalikuwa makombora ya baruti. Gesi iliyokuwa ikiua askari Ulaya haikufika Kondoa. Wenzetu wa Ethiopia hawakuwa na bahati hiyo. Kuanzia Desemba 1935 ndege za Italia ziliwamwagia gesi ya haradali, na Aprili 1939 ikatumika tena kwa watu waliojificha katika pango la Zeret. Italia ilikuja kukiri rasmi mwaka 1996.

Wapo watakaosema sumu ya zamani hivyo imeshachuja. Kwa sarini wana hoja, kwani huharibika mapema. Haradali ni kitu kingine. Licha ya kuitwa gesi, ni kimiminika kizito kama mafuta. Ndani ya kombora tabaka lake la nje huganda na kuihifadhi ile ya katikati kwa miongo mingi. Na haiumi papo hapo. Mtu huigusa, akaendelea na kazi zake, malengelenge yakamtoka saa kadhaa baadaye, wakati ameshaipeleka nyumbani kwenye nguo.

Wengine watakumbusha kwamba Julai 2023 ilitangazwa kuwa maghala yote ya silaha za kemikali yaliyoorodheshwa chini ya mkataba wa kimataifa yameteketezwa. Ni kweli, na ni kazi kubwa. Lakini neno zito hapo ni "yaliyoorodheshwa". Jeshi linaloshindwa halikabidhi daftari; huzika, hutupa, hukimbia. Nchini Iraq, kati ya 2004 na 2011, askari walikutana na silaha za kemikali zipatazo 5,000, zote zikiwa za kabla ya 1991, na baadhi yao waliungua kwa sababu walidhani ni makombora ya kawaida.

Kisa cha Qiqihar, China, kinatuhusu zaidi, maana hapakuwa na vita wala askari. Agosti 2003 mafundi wa ujenzi walifukua mapipa matano ya sumu yaliyoachwa na jeshi la Japani. Yakauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na udongo uliolowa sumu ukasombwa hadi maeneo mengine. Mtu mmoja alifariki, zaidi ya 40 wakaumia. Vyuma chakavu vinanunuliwa hapa kwetu pia, na mnunuzi haulizi chuma kimetoka wapi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukifukua pipa au kombora shambani, iwe Kondoa au kwingineko, usiligonge, usilifungue, wala usilibebe kulipeleka kituoni. Zuia watoto, weka alama kwa mbali, kisha mwite mwenyekiti wa kijiji na polisi waje wenyewe.