Ukoka wa Uani na Kipimo cha Mbolea

Mwaka mmoja, wiki mbili kabla ya Idi, niliazimia kwamba wageni watakaponijia wataukuta ua wangu umejaa kijani. Nikanunua kilo 3 za urea katika duka la pembejeo, nikazimwaga zote alasiri moja, kisha nikanyunyiza maji kidogo juu yake. Siku ya tatu ukoka ulikuwa na rangi ya makuti makavu. Wageni walikuja, wakaketi ndani. Mavyaa wangu aliutazama ule ua, asiseme neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko hasara ya fedha.

Ua wenyewe una mita 5 kwa 6, yaani mita 30 za mraba. Nilikuwa nimetia takriban mara tisa ya kiasi kinachotakikana. Mbolea ya chumvichumvi ikizidi huyavuta maji kutoka katika mizizi na majani, na nyasi huungua hata kama ardhi ina unyevu.

Nyasi za nchi za joto, kama ukoka na paspalamu, hukua kwa kasi pale jua na maji yanapokutana, na wakati huo ndipo zinapotaka kulishwa. Chakula chao kikubwa ni naitrojeni. Itazame nambari ya kwanza iliyoandikwa kwenye mfuko: ndiyo kiasi cha naitrojeni katika kila sehemu 100 za mbolea. CAN ina 26, urea ina 46. Nyasi zinatosheka na gramu 5 za naitrojeni kwa mita moja ya mraba, kwa mara moja. Hizo ni kama gramu 20 za CAN, au gramu 11 za urea. Basi ua wa mita 30 unahitaji gramu 600 za CAN, au gramu 330 tu za urea. Asiye na mizani na amwombe mwenye duka ampimie. Kukisia kwa kiganja ndiko kulikoniponza mimi.

Ukoka uliopo juani hutosheka na kipimo hicho mara tatu kwa mwaka: mvua za masika zinapoanza, zinapopungua mnamo Julai, na wakati wa vuli. Mwezi wa Mei, mvua inaponyesha kwa nguvu, usitie kitu, kwani yote itachukuliwa na maji. Paspalamu hairidhiki na wingi. Mara mbili zamtosha. Nyasi zilizo chini ya mwembe au mwarobaini zipewe nusu, kwa sababu penye kivuli hazikui haraka.

Mchanga wetu wa pwani haushiki mbolea. Kwa hiyo ni bora kukigawa kipimo kimoja mara mbili, ukaacha wiki tatu au nne katikati. Wenye kisima uani wana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo. Naitrojeni isiyotumiwa na mizizi hugeuka nitrati, ikateremka na maji hadi kisimani. Maji ya vyoo vya shimo nayo huleta nitrati hiyo hiyo, na aghalabu ndiyo huzidi, lakini hapana haja ya kuiongeza kwa mikono yetu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa. Ikizidi, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo huweza kukosa oksijeni katika damu, midomo ikageuka samawati. Kuyachemsha hakuondoi nitrati. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe huzidi kukolea.

Mbolea itiwe majani yakiwa makavu. Igawe mafungu mawili: fungu moja litawanye ukienda upande wa kibla, la pili ukikata njia hiyo. Kisha mwagilia hadi ardhi ilowe. Ukikata nyasi, viache vipande vifupi papo hapo. Vikioza hurudisha karibu robo ya naitrojeni iliyohitajika, na hiyo ni mbolea isiyonunuliwa.

Ukoka wangu niliumwagilia maji mengi kwa majuma kadhaa, ukachipua tena kutoka katika mizizi yake. Pembe moja karibu na mlango haikurudi. Nimepanda mrehani hapo.