Helmeti Hupimwa Mashavuni

Duka lile la Gerezani, Dar es Salaam, ni jembamba kiasi kwamba mteja mmoja akitoka, mwingine hurudi nyuma kumpisha. Ukutani, kuanzia usawa wa goti hadi darini, zimetundikwa helmeti: nyeusi, nyekundu, zenye michoro ya ndimi za moto, zenye vioo vya zambarau. Mtoto wa kaka yangu, ambaye siku nne kabla alikuwa amekabidhiwa pikipiki ya mkataba, alinyoosha mkono kwa moja nyeusi inayong'aa.

"Hiyo, shangazi. Inaendana na pikipiki."

Nikamwambia aivae na afunge mkanda. Iliingia kirahisi, naye akatabasamu, maana alidhani urahisi huo ndio dalili ya kumfaa. Nikamzunguka, nikashika ukingo wa helmeti pale kisogoni, nikausukuma kwenda juu na mbele. Helmeti nzima ikabiringika ikamfunika macho, na nilipoongeza nguvu kidogo ikachomoka, mkanda ukiwa bado umefungwa. Muuzaji alikuwa akihesabu chenji. Akaacha.

Jaribio hilo linachukua sekunde tano na halihitaji kifaa chochote. Laiti mtu angenionyesha miaka sita iliyopita.

Usiku ule mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Nilichukua bodaboda kijiweni, na dereva akanipa helmeti iliyokuwa ikining'inia kwenye kioo cha pembeni. Klipu yake ilikuwa imevunjika upande mmoja. Nikaiweka kichwani hivyohivyo, kama wengi tunavyofanya, nikiwaza trafiki wa kwenye makutano. Kwenye kona yenye mchanga tairi la mbele likateleza. Naikumbuka sauti: helmeti iligonga lami kwanza, mbele yangu, ikaendelea kubiringika peke yake, kisha ndipo kichwa changu kikafika chini. Nilishonwa nyuzi kumi na moja juu ya sikio. Kwa miezi miwili sikusikia harufu ya kitu chochote. Nilikuwa nikikaanga vitunguu, nahisi joto la mafuta usoni, na puani hamna kitu. Daktari alinieleza kuwa nyuzinyuzi za neva zinazobeba harufu hupita kwenye vitundu vyembamba vya mfupa ulio juu ya pua, na ubongo ukitikisika sana nyuzi hizo huvutika au kukatika. Zangu zilirudi. Aliniambia za wengine hazirudi.

Tangu hapo nimejifunza helmeti kama mtu anavyojifunza ugonjwa uliomgusa. Jambo la kwanza nililolielewa ni kwamba macho yetu huangalia mahali pasipo na kazi kubwa. Tunatazama gamba la nje, rangi, kioo, mchoro. Gamba lina kazi yake: linazuia kitu chenye ncha kisipenye, linasambaza pigo, linateleza kwenye lami badala ya kung'ang'ania. Lakini kinachouokoa ubongo kipo katikati, baina ya gamba na kitambaa, nacho ni povu jeupe gumu, ndugu wa lile linaloizunguka televisheni mpya ndani ya boksi lake. Kichwa kinapogonga, povu hilo hupondeka. Katika kupondeka huko hukipa kichwa sentimita chache za kusimamia, badala ya kusimama ghafla juu ya lami isiyobonyea. Tofauti ya sentimita mbili au tatu inaonekana ndogo ukiipima kwa rula. Kwa ubongo, ambao nao unaelea ndani ya fuvu na kuendelea kwenda hata fuvu likishasimama, hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Wazo hilo la povu linalokubali kupondeka ni la Charles Lombard na Herman Roth wa Chuo Kikuu cha Southern California, waliopata hataza yake mwaka 1953.

Povu likishapondeka halirudi. Helmeti iliyopokea kichwa cha mtu kwenye ajali imemaliza kazi yake, hata kama nje haina mkwaruzo. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu yeyote anunue ya mtumba. Hujui ilishapokea kichwa cha nani.

Pale dukani nilimwomba muuzaji ruhusa, nikavuta kitambaa cha ndani cha ile nyeusi ya Sh 25,000. Chini yake palikuwa na sponji laini, la aina ya kiti cha sofa, halafu plastiki. Povu gumu hamna. Nikabonyeza kwa kidole gumba, kikafika hadi kwenye gamba. Mtoto wa kaka yangu akabonyeza na yeye, akabonyeza tena, kisha akairudisha ukutani mwenyewe.

Niseme hapa kwamba umuhimu wa kofia ngumu haukugunduliwa na watengenezaji wa pikipiki. Mwezi Mei 1935, huko Dorset, kusini mwa Uingereza, T. E. Lawrence, yule ofisa aliyepata umaarufu katika vita vya Uarabuni, aliwakwepa wavulana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akarushwa kutoka kwenye pikipiki yake. Hakuwa na kofia. Alilala siku sita bila fahamu, akafa akiwa na miaka 46. Mmoja wa madaktari walioitwa kitandani kwake ni Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Cairns hakuweza kumwokoa, lakini hakuliacha jambo lile. Mwaka 1941 alichapisha matokeo yake: katika miezi 21 ya kwanza ya Vita vya Pili vya Dunia, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wameuawa kwenye barabara za Uingereza, na kilichowaua zaidi ni majeraha ya kichwa. Majeruhi waliokuwa wamevaa kofia aliowaona walikuwa saba tu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa. Mwaka huohuo jeshi likawalazimisha matarishi wake wa pikipiki kuvaa. Raia wa kawaida walikaa hadi Juni 1973 ndipo sheria ikawafikia. Kati ya makala ya daktari na sheria ya nchi ilipita miaka 32, na sipendi kufikiria vichwa vilivyopotea katikati.

Leo hakuna ubishi. Uchambuzi wa mwaka 2008 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, uliokusanya tafiti 61, ulionyesha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa karibu asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Anayekwambia "siku ikifika imefika" mheshimu kwa imani yake, kisha mwonyeshe hesabu hiyo.

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa kijiweni ni hili: "Shangazi, nikigongana kwa spidi themanini, hiyo kofia itanisaidia nini?" Ni swali la haki. Katika kipimo cha Kanuni Namba 22 ya Umoja wa Mataifa, helmeti hudondoshwa juu ya fuawe ya chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kilomita 27 kwa saa. Wakisikia hivyo hucheka. Lakini hebu fikiria mtu anayeanguka. Mwendo wa pikipiki humsukuma aburuzike mbele juu ya lami. Kinachokishusha kichwa chini ni kimo chake kutoka ardhini. Kichwa kikianguka kutoka mita moja na nusu hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Kwa anguko la namna hiyo, ambalo ndilo la kila siku, helmeti nzuri ina akiba ya kutosha. Ukigonga ubavu wa lori kwa spidi themanini, hapana, sitakudanganya.

Sasa, kuchagua. Anza na kamba au futi ya fundi cherehani. Izungushe kichwani juu kidogo ya nyusi, ipite mahali kisogo kilipojitokeza zaidi. Kwa viwanda vingi, sentimita 57 na 58 ni M, 59 na 60 ni L, ingawa kila kiwanda kina tabia yake, kwa hiyo namba inakupeleka tu kwenye rafu inayostahili. Baada ya hapo ni mashavu. Helmeti mpya inayokufaa huyabana mashavu kidogo, kiasi kwamba ukitafuna unayahisi yakigusa meno. Tikisa kichwa kama anayekataa: ngozi ya uso iende pamoja na helmeti. Kama uso unageuka huku helmeti inabaki nyuma, ni kubwa. Kaa nayo dakika kumi palepale dukani, muuzaji akinuna anune. Ukiona kuna sehemu moja ya paji inauma kama imebanwa na kidole, umbo lake si la kichwa chako, maana vichwa vingine ni virefu na vingine ni vya mviringo. Sponji ya mashavuni italegea kwa matumizi. Hilo povu gumu la kwenye paji halilegei.

Mkanda upite chini ya kidevu, karibu na koo, na ubaki na nafasi ya vidole viwili tu. Pete mbili za chuma zinadumu kuliko klipu ya plastiki, ingawa klipu nzima ni bora mara mia kuliko pete zisizofungwa.

Kuhusu nembo, hapa ndipo tunapoibiwa. Stika ya DOT ya Marekani hubandikwa na kiwanda chenyewe kwa ahadi kwamba kimetimiza masharti, serikali ikikagua baadaye. Na stika ni karatasi, mtu yeyote anaweza kuichapisha. Nembo ya Umoja wa Mataifa hushonwa kwenye mkanda: herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa kibali, kama 1 kwa Ujerumani, 3 kwa Italia, 4 kwa Uholanzi. Chini yake kuna namba ndefu inayoanza na 05, au 06 kwa toleo jipya zaidi, na herufi ambayo wachache huisoma. J maana yake helmeti haifuniki kidevu. P maana yake kidevu kinalindwa. NP maana yake kipo kipande cha kidevuni lakini hakilindi, usikitegemee. Mtafiti wa ajali Dietmar Otte wa Hannover, Ujerumani, alipochora ramani ya mahali helmeti zilizopata ajali zilipogongwa, takribani theluthi ya mapigo yalikuwa katika eneo la kidevu. Kwa helmeti za India, ambazo zinafika kwetu pamoja na pikipiki zao, tafuta alama ya ISI na namba IS 4151.

Nembo nayo inaweza kughushiwa. Kwa hiyo soma nembo, kisha vuta kitambaa, bonyeza povu, sukuma kisogo. Bei haikuelezi kila kitu: mpango wa SHARP wa Uingereza, ambao tangu 2007 hupima helmeti na kuzipa nyota, umewahi kuzipa za bei nafuu nyota nyingi kuliko za bei kubwa. Hata hivyo ile ya sponji tupu haina nyota ya kupewa.

Tuliondoka na ya Sh 120,000, nyeupe. Nyeusi ya aina hiyo ilikuwa imeisha saizi yake, na nyeupe huonekana vizuri usiku. Kijana alilipa kwa uchungu; hizo ni hesabu za siku kadhaa za mkataba. Nikamwambia asiipake rangi, asiifute kwa petroli, kwa sababu petroli hudhoofisha plastiki ya gamba bila kuacha alama, na asiiache juani kwenye usukani mchana kutwa. Kisha nikatoa pesa zangu mfukoni, nikanunua ya pili, ya abiria.

Juu ya hiyo ya pili nina uchungu wa kweli. Dereva hujichagulia. Abiria hupokea. Helmeti ya abiria hukaa kwenye kioo au kwenye tangi, inanyeshewa, inaanguka, klipu inavunjika, na hakuna anayeitengeneza kwa sababu hakuna mwenyewe. Wanawake tunaikataa kwa ajili ya nywele tulizosuka jana na jasho la watu ishirini waliotutangulia. Sababu hizo si za kipuuzi, na zina dawa: mtandio mwembamba au kile kikofia cha nailoni cha saluni hutenganisha nywele na kitambaa. Kigali, abiria wa pikipiki kupewa helmeti na kuivaa ni jambo la kawaida, na ni Afrika Mashariki hiihii. Mimi siku hizi natembea na yangu. Ofisini inakaa chini ya meza, karibu na pochi.

Na watoto. Asubuhi naona mishikaki, mama nyuma, mtoto wa sare katikati, kichwa kitupu, au kimevishwa helmeti ya mtu mzima inayomfikia mabegani. Maduka matatu niliyoyaulizia saizi ya mtoto wa miaka saba hayakuwa nayo. Wanaoagiza mizigo waniwie radhi: pikipiki zinaletwa kwa makontena, na kichwa cha mtoto hakina kofia.

Jumamosi iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja kunichukua nyumbani kunipeleka msibani. Alinikabidhi ile helmeti ya pili, nikaivaa juu ya mtandio, nikapanda. Hakuondoka. Alizima injini, akakaa kimya akitazama mbele.

"Mbona huendi?"

"Sijasikia klipu, shangazi."

Nikaifunga. Akawasha pikipiki.