Jinsi hesabu za wamiliki zilivyosuka upya kikosi cha Chelsea

KIUNGO Conor Gallagher alipouzwa kwa Atletico Madrid ya Uhispania mnamo Agosti 2024, mashabiki wengi wa Chelsea walishindwa kuelewa. Kijana huyo alilelewa na klabu hiyo tangu utotoni, na msimu uliotangulia ndiye aliyevalia utepe wa unahodha mara nyingi. Kwa kocha anayejenga timu, mchezaji wa sampuli hiyo ni nguzo. Kwa wenye klabu, alikuwa bidhaa yenye faida kuliko zote ghalani.

Kisa hicho hakieleweki bila kuwatazama wamiliki wenyewe.

Kwa karibu miaka 19, Chelsea ilikuwa mali ya bwanyenye wa Urusi, Roman Abramovich, aliyeinunua 2003. Yeye alitaka mataji, tena upesi. Alinunua wanasoka waliokwisha kukomaa, akawatimua makocha bila huruma, na pengo la fedha akaliziba kwa mikopo yake mwenyewe. Chelsea ilitwaa ubingwa wa Ulaya 2012 na 2021. Alipolazimika kuiuza baada ya Urusi kuvamia Ukraine, aliahidi kutodai mikopo hiyo, iliyofikia pauni bilioni 1.5.

Waliomrithi Mei 2022 kwa pauni bilioni 2.5 ni watu wa mwenendo mwingine. Todd Boehly ndiye aliyevuma zaidi mwanzoni, lakini hisa nyingi zilichukuliwa na Clearlake Capital, kampuni ya California ambayo kazi yake ni kuwekeza fedha za wengine na kuzirejesha zikiwa zimezaa. Mwekezaji wa aina hii hategemei faida ya tiketi. Hungojea klabu, pamoja na kila kilichomo, ipande bei.

Ndiposa kikosi kikajazwa vijana. Mchezaji wa miaka 30 hushuka thamani kila mwaka. Wa miaka 20 huenda akapanda. Isitoshe, katika vitabu vya hesabu bei ya mchezaji hugawanywa kwa miaka ya mkataba wake. Enzo Fernandez alinunuliwa kutoka Benfica Januari 2023 kwa takriban pauni milioni 107 na kupewa mkataba wa miaka minane na nusu. Kwa hivyo gharama iliyoandikwa kila mwaka ilikuwa karibu milioni 12.6. Mkataba wa miaka mitano ungeifikisha milioni 21.4. Mwanya huo ulizibwa na UEFA 2023, na klabu za EPL zikafuata Desemba mwaka huo kwa kuweka kikomo cha miaka mitano katika hesabu.

Mchezaji aliyekuzwa nyumbani ana hesabu tofauti kabisa. Kwa kuwa hakununuliwa, bei yake yote huhesabiwa kuwa faida siku anapouzwa. Mason Mount, aliyejiunga na Chelsea akiwa na umri wa miaka sita, aliuzwa kwa Manchester United 2023 kwa pauni milioni 55, na zote zikaingia upande wa faida. Kanuni zilizonuiwa kuzuia ubadhirifu zikageuka kishawishi cha kuwauza watoto wa nyumbani.

Uwanjani, gharama ya mpango huo ilionekana mapema. Msimu wa 2022-23 Chelsea ilimaliza ya 12 ligini, ikiwa na wachezaji wengi kupindukia na makocha wasiodumu. Lakini si haki kuubeza mpango mzima. Cole Palmer, aliyenunuliwa kutoka Manchester City akiwa na miaka 21, alifunga mabao 22 ya ligi katika msimu wake wa kwanza.

Faida iliposumbua, wamiliki waliiuzia kampuni yao wenyewe hoteli mbili za klabu, kisha timu ya wanawake. Julai 2025, UEFA iliitoza Chelsea faini ya euro milioni 31 kwa kukiuka kanuni zake za fedha.

Mwezi huo huo vijana hao walitwaa Kombe la Dunia la Klabu nchini Marekani kwa kuilaza PSG 3-0, Palmer akifunga mawili. Noni Madueke, aliyenunuliwa 2023 kwa takriban pauni milioni 30, hakuwepo. Alikuwa ameondoka kambini kabla ya fainali ili kukamilisha uhamisho wa takriban milioni 50 kwenda Arsenal.