Mwenyeji Haoni Ufa wa Kwao

Tuchukulie kwamba wewe ni askari unayerudi nyumbani kwa likizo baada ya kukaa kambini mwaka mzima. Umeteremka garini, ukaanza kupanda mlima kwa miguu, mzigo begani. Hata kabla hujabisha hodi umekwisha kuona mambo matatu. Mti mkubwa uliouacha umesimama wima sasa umeinamia bondeni. Ua wa shamba uliokuwa umenyooka umepinda kama upinde. Na njia ya kwenda kisimani imekatwa na ufa, ambao watoto wanauvuka kwa kuruka huku wakicheka. Unamwuliza mama, "Mama, ufa huu ulianza lini?" Naye anakujibu kwa mshangao, "Ufa upi, mwanangu?"

Mama si kipofu, wala si mzembe. Yeye hupita hapo asubuhi na jioni, na hiyo hasa ndiyo sababu ya kutouona. Jambo linaloongezeka kwa upana wa kidole kila mwezi halimshtui mtu anayeliona kila siku, kwa maana leo hufanana na jana, na kesho itafanana na leo. Anayeshtuka ni yule aliyeondoka na picha ya zamani moyoni, akarudi akailinganisha na hali ilivyo. Wahenga hawakukosea waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Katika nchi ya tambarare, kutoona mabadiliko ya namna hii huenda kukamgharimu mtu ua wake tu. Lakini katika miteremko ya mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, kunaweza kugharimu ukoo mzima. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka katika wilaya ya Bududa na kukifunika kijiji cha Nametsi pamoja na vijiji jirani. Kituo cha afya kilizikwa, nyumba zikazikwa, na watu zaidi ya 300 wakahesabiwa kuwa wamekufa au kupotea. Wanajeshi waliopelekwa huko walichimba kwa majembe na sepetu, kwa kuwa mitambo mikubwa haikuweza kufika mahali pale. Miili mingi haikupatikana kamwe.

Msiba huo haukuwa wa mwisho. Mwezi Juni 2012 udongo uliporomoka tena huko huko Bududa, katika eneo la Bulucheke. Tarehe 11 Oktoba 2018, maji yaliyochanganyika na matope, mawe na magogo yalishuka katika eneo la Bukalasi yakaua watu zaidi ya 40. Tarehe 27 Novemba 2024 ikawa zamu ya wilaya ya Bulambuli, ambako udongo ulifunika nyumba za watu.

Mlima huporomoka kwa dakika chache, lakini hujiandaa kwa miaka mingi. Idadi ya watu huongezeka, na mashamba hupanda juu zaidi. Msitu ambao mizizi yake iliushika udongo hufyekwa, mahali pake pakapandwa mahindi na maharagwe, ambayo mizizi yake haifiki mbali. Kijana anayetaka kujenga huchimba mteremko ili apate kiwanja, na kwa kufanya hivyo huondoa nguzo iliyoutegemeza udongo wa juu. Kisha mvua hunyesha siku nyingi mfululizo, maji hupenya ndani, na udongo wa mfinyanzi hulemewa na kuteleza. Kila mmoja alikata mti mmoja tu, au alichimba kiwanja kimoja tu. Hakuna aliyeona mlima ukibadilika, kwa kuwa kila mtu aliona sehemu yake pekee.

Basi, tutazame nini? Dalili nyingi zi karibu na nyumba, na akina mama na watoto ndio wanaokutana nazo kwanza. Mlango uliokuwa ukifungika vizuri sasa unakwama. Ukuta umepasuka mahali ambapo haukuwa na ufa. Miti, nguzo au ua vimeinama kuelekea bondeni. Chemchemi imetokea mahali palipokuwa pakavu, au kisima cha siku zote kimekauka ghafula. Maji ya kijito yamegeuka kuwa matope, au yamepungua ingawa mvua inanyesha. Nyufa zimejitokeza ardhini juu ya nyumba, na ardhi ya chini imevimba. Dalili moja yaweza kuwa na sababu nyingine. Zikija mbili au tatu pamoja, zisichukuliwe kwa mzaha.

Kwa kuwa jicho husahau, tulipe msaada. Piga vigingi viwili imara, kimoja upande huu wa ufa na kingine upande ule, kisha pima kwa kamba nafasi iliyo kati yao na ufunge fundo. Kila Jumamosi mtoto apime kwa kamba ile ile. Fundo lisipofika, ufa umepanuka, na hapo hakuna nafasi ya ubishi. Mwiteni mwenyekiti wa kijiji aje ajionee mwenyewe, na habari ipelekwe wilayani. Mvua kubwa ikinyesha wakati ufa unapanuka, familia isilale katika nyumba hiyo. Ihamie kwa jamaa walio mahali salama, mbali na kingo za mto na mabonde ya maji.

Twajua kwamba kuhama si jambo jepesi. Baada ya mwaka 2010 Serikali ilihamishia baadhi ya familia Kiryandongo, na tangu mwaka 2019 nyingine zilipewa nyumba Bunambutye. Wako waliorudi mlimani, kwa kuwa huko ndiko kuliko kahawa yao, migomba yao na makaburi ya wazee wao. Hatuwacheki. Mtu haachi shamba la baba yake kwa sababu ya maneno. Lakini anayekaa mahali pa hatari akiwa macho hayuko sawa na anayekaa hapo akiwa amelala.

Askari na polisi, ninyi mmefundishwa kazi hii. Mlinzi wa zamu hatazami tu, bali hukumbuka kile alichokiona jana, na kichaka kilichosogea humfanya ashtuke. Mafunzo hayo yasibaki langoni mwa kambi. Siku ya kwanza ya likizo, kabla macho yako hayajazoea, zunguka shamba pamoja na baba, mama na watoto, ukauliza: hiki kilikuwepo? Kile kimekwenda wapi? Na siku ya kuondoka, waachie watoto vigingi na kamba, ili ulinzi uendelee.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini ufa wa mlima hauzibiki kwa udongo wa mkono, na ukuta wake hakuna awezaye kuujenga. Huo dawa yake ni kuonekana mapema.