Kiingereza cha Kuingilia Fasihi ya Kichina

Mchina aliyezaliwa Lanzhou, akasoma kwa Kichina tangu chekechea, akahitimu shahada ya kwanza katika lugha hiyohiyo na sasa anataka uzamili wa fasihi ya kwao, kwa kawaida hapati nafasi mpaka afaulu Kiingereza. Alama za somo hilo zinaingia kwenye jumla, halafu zina kikomo chake cha chini. Ukikikosa kwa alama moja, chuo hakikuiti kwenye usaili, hata kama karatasi yako ya ushairi wa enzi ya Tang imewapita wenzako wote.

Nilisoma uzamili wa fasihi ya kisasa ya Kichina mjini Wuhan, kwa ufadhili. Sisi wageni hatukufanya mtihani huo, tuliingia kwa cheti cha HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, na mahojiano. Lakini maktaba ilikuwa moja. Waliokuwa wakijiandaa walifika kabla mlango haujafunguliwa, wakawahi viti, na wakati wa baridi kila mmoja alikuwa na chupa yake ya maji moto, kwa sababu Wuhan iko upande wa nchi ambao hauna mfumo wa serikali wa kupasha majengo joto. Walipojua kwamba natoka Tanzania, ambako sekondari husomwa kwa Kiingereza, wakaanza kuniletea vitabu vyao. Kwa hiyo mtihani huu nimeujua kwa kuwasomea wengine, na nimeupenda na kuuchukia kwa wakati mmoja.

Mtihani mzima wa kuingia uzamili, ambao Kiingereza ni karatasi yake moja, wenyewe wanauita kaoyan. Hufanyika Desemba, mwisho wa juma. Jumamosi asubuhi ni siasa. Saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni ni lugha ya kigeni. Jumapili ni karatasi mbili za taaluma, ambazo kwa watu wa fasihi ni insha ndefu za kuandika kwa mkono mpaka vidole vinakufa ganzi. Siasa ina alama 100, lugha ya kigeni 100, taaluma 150 kila karatasi, jumla 500. Kwa nafasi za mwaka 2023 walijiandikisha watu milioni 4.74 wa fani zote.

Huku nyumbani nikielezea haya, watu hudhani kinachopimwa ni kuongea, kwamba mtihani wa Kiingereza ni mtu kujieleza mbele ya jopo bila kigugumizi. Tazama karatasi yenyewe. Tangu mwaka 2010 imegawanywa aina mbili, na wanaokwenda shahada za kitaaluma kama fasihi hupewa ile ngumu. Kuna kifungu chenye nafasi 20 za kujaza, alama 10. Kuna vifungu vinne vya ufahamu vyenye maswali 20, kila swali alama 2, ndizo alama 40. Kuna kupanga sehemu za makala iliyovurugwa au kurudisha aya zilizotolewa, alama 10. Kuna sentensi tano za kutafsiri kwa Kichina, alama 10. Mwisho ni maandishi: barua au tangazo fupi kwa alama 10, na insha ya maneno 160 hadi 200 kuhusu picha, alama 20. Hakuna kusikiliza, hakuna kuzungumza. Alama 70 kati ya 100 ziko kwenye kusoma na kuelewa. Na vifungu vyenyewe hutoka kwenye magazeti na majarida wanayosoma Waingereza na Wamarekani waliosoma, The Economist likiwamo, vyenye hoja inayopinda mara tatu kabla haijatua.

Alikuwapo binti mmoja kutoka mkoa wa Gansu. Aliniita xuejie, dada wa masomo, kama wanavyowaita waliowatangulia chuoni, nami nikamwita xuemei. Xuemei alikuwa na kitabu cha msamiati cha maneno 5,500 hivi, ndiyo idadi inayotajwa kwenye muhtasari wa mtihani, na alikuwa amekimaliza. Ukimtajia neno anakupa maana papo hapo. Lakini kwenye ufahamu alikuwa anakosa nusu ya maswali. Alilia kwenye ngazi za maktaba akisema labda hana akili ya lugha, yeye ambaye mashairi ya Du Fu, mshairi wa enzi ya Tang, yalikuwa kichwani mwake kwa makumi.

Nikamwomba asome mbele yangu kwa penseli. Alichofanya ni hiki: kila neno la Kiingereza alilifungulia maana yake ya Kichina, akaiandika juu yake kwa herufi ndogo, halafu akajaribu kuyaunga yale maneno ya Kichina. Tatizo likaonekana hapohapo. Chukua sentensi ya namna hii, ambayo naitunga tu kwa mfano: “Hoja kwamba riwaya, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa burudani ya wasio na kazi, ndiyo iliyowafunza wasomaji wa mijini kujitazama, imepingwa na wanahistoria ambao hawakuridhika na ushahidi wake.” Msomaji wa Kiswahili anaifuata bila shida, maana sisi pia tunataja kitu kwanza, kisha tunakieleza kwa “ambayo” na “kwamba.” Kiingereza hupita njia hiyohiyo. Kichina kinapita upande wa pili: maelezo yote hutangulia, na jina linakuja nyuma yake. Kwa hiyo Xuemei, kila alipokutana na jina lililofuatwa na maelezo, akili yake ilirudi nyuma kuyabeba maelezo na kuyaweka mbele. Kifungu kikiwa na mizigo mitatu ya namna hiyo, kitenzi kikuu kinamponyoka na hajui tena nani amepinga nini.

Tukaacha kamusi. Tukaanza na kutafuta kitenzi kikuu cha sentensi na kukipigia mstari, kisha kiima chake, halafu vishazi tegemezi vyote kuvifunga kwa mabano ya penseli na kuvisoma baadaye, kimoja kimoja, kwa mpangilio uleule vilivyokaa. Walimu wa tuisheni za kaoyan wanafundisha kitu kama hiki, nami sidai nimekigundua. Ila yeye alikuwa hajawahi kukaa na mtu na kukifanya polepole, aya nzima, bila saa mezani. Tulitumia mitihani ya miaka iliyopita tu, ile yenye kitabu cha jalada la manjano ambacho kila mtu maktabani alikuwa nacho. Makala moja kwa jioni ilitosha. Kukimbilia makala kumi na kuhesabu alama ni kupiga msuli bure.

Sasa, kwa nini mtu wa fasihi ya Kichina asumbuliwe hivi? Xuemei aliniuliza kwa hasira, na nadhani anastahili jibu la kweli. Yeye alitaka kuandika kuhusu Zhang Ailing, mwandishi wa Shanghai aliyepata umaarufu miaka ya 1940. Riwaya yake fupi maarufu, Jinsuo ji, ilitoka mwaka 1943 kwa Kichina. Alipoondoka China aliandika riwaya kwa Kiingereza: The Rice-Sprout Song ikatoka mwaka 1955, na mwaka 1967 ikatoka The Rouge of the North, ambayo ni ile Jinsuo ji iliyosukwa upya na kurefushwa. Aliiandika pia upya kwa Kichina, na akaitafsiri Jinsuo ji yenyewe kwa mkono wake. Ni mkasa uleule wa mwanamke na familia iliyomfunga, umepita katika lugha mbili mara kadhaa, na kila safari mwandishi amekata hapa na kuongeza pale. Anayesoma Kichina peke yake anamwona Zhang Ailing nusu.

Na aliyemrudisha Zhang Ailing kwenye meza ya wasomi ni C. T. Hsia, Mchina aliyesoma fasihi ya Kiingereza Yale, kwa kitabu alichokiandika kwa Kiingereza na kukichapisha Marekani mwaka 1961. Humo ndimo Zhang Ailing na waandishi wenzake Shen Congwen na Qian Zhongshu walipewa uzito ambao China bara wakati ule haikuwapa. Qian mwenyewe alikuwa amesoma Oxford. Sisi wa Kiswahili tusishangae sana: Swahili Poetry, kitabu cha Kiingereza cha Lyndon Harries, kilitoka mwaka 1962, na mwanafunzi wetu wa tenzi bado anakutana nacho.

Kwa hiyo siungi mkono wanaosema Kiingereza kiondolewe kabisa. Kilichokaa vibaya ni kikomo. Mwaka 2023, kwa vyuo vya mikoa ya kundi A, mtu wa fasihi alitakiwa kupata angalau 54 kwenye lugha ya kigeni. Mwenzake wa uhandisi alitakiwa 38. Yaani anayekwenda kusoma Du Fu anadaiwa alama 16 zaidi ya anayekwenda kusoma mitambo, ambaye marejeo ya fani yake mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Sababu ni ya kiutawala: chini ya jina “fasihi” wamewekwa pamoja watu wa Kichina, wa lugha za kigeni na wa uandishi wa habari, na kikomo kikapangwa kwa wote. Vyuo 34 hujipangia vikomo vyao wenyewe, na mikoa ya kundi B, Gansu ikiwamo, hushushiwa kidogo. Nilikuwa nikiona watu wenye uwezo mkubwa wa kusoma matini za kale wakirudia mwaka mzima kwa ajili ya alama mbili tatu, na sioni taaluma inapata faida gani hapo. Wengine hubadilisha lugha, kwa sababu vyuo vingi huruhusu Kijapani au Kirusi, na Kijapani kina herufi za Kichina ndani yake.

Xuemei alivuka. Kwenye usaili alipewa ukurasa wa makala ya Kiingereza ya fani yake, akaambiwa asome kwa sauti na aueleze kwa Kichina. Aliniambia alifumba jicho moja kwanza akitafuta kitenzi. Anayemaliza uzamili naye hakikwepi Kiingereza, kwani tasnifu lazima iwe na ikisiri ya Kiingereza.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayetaka njia hii aelewe kwamba kwake mlango mkubwa ni Kichina chenyewe. Kwa fasihi, HSK ya daraja la 5 ndipo pa kuanzia kuomba, na mimi ningeshauri la 6, kwa sababu darasani hakuna anayepunguza mwendo. Kiingereza atakihitaji mezani, akisoma peke yake. Akitaka kujipima leo hii, mashairi yote ya Du Fu yaliyotafsiriwa na Stephen Owen, juzuu sita za mwaka 2016, yanapakuliwa bure kwenye intaneti, Kichina ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Aanze na mashairi mafupi, na utangulizi wa Owen ausome kwa penseli.