Kulinda Vifaa vya Umeme Nyumbani: Kwa Nini Fyuzi Pekee Haitoshi

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na masafa ya hezi 50, na vifaa tunavyonunua vimetengenezwa kwa kiwango hicho. Volti zikizidi sana, hata kwa muda mfupi, vifaa huungua. Kwa familia ya Sinza inayouza barafu na juisi, friji ikiungua kipato cha siku nacho kimekwisha.

Volti hupanda kwa sababu zipi?

(a) Umeme kukatika na kurudi. Unaporudi, friji, feni na viyoyozi vya mtaa mzima huwaka kwa pamoja, hivyo volti huyumba.
(b) Waya wa nyutro kulegea au kukatika. Katika mfumo wa fezi tatu, volti kati ya fezi mbili ni takribani 400. Nyutro ikikatika, baadhi ya nyumba zinaweza kupata volti zinazokaribia kiwango hicho.
(c) Radi, hasa wakati wa mvua za masika, Machi hadi Mei.

Tazama hesabu hii. Pasi ya wati 1,000 kwa volti 230 ina ukinzani:

R = V²/P = 230²/1,000 = omu 52.9

Volti zikifika 300:

P = V²/R = 300²/52.9 = wati 1,700 hivi

Volti zimeongezeka kwa asilimia 30 tu, lakini joto limeongezeka kwa asilimia 70!

Zingatia: Watahiniwa wengi huandika kuwa fyuzi huzuia volti kubwa. Si kweli. Fyuzi huyeyuka mkondo unapozidi. Volti zinaweza kuharibu vipuri vya televisheni kabla fyuzi haijayeyuka.

Njia za kujikinga

1. Tumia friji gadi. Hukata umeme volti zikizidi au zikipungua mno, kisha husubiri dakika chache kabla ya kuurudisha ili mgandamizo wa gesi kwenye kompresa utulie.
2. Chagua ekstensheni yenye kinga ya volti. Ekstensheni ya kawaida hugawa umeme tu, hailindi chochote.
3. Hakikisha nyumba ina waya wa ethi uliofungwa na fundi mwenye leseni. Ekstensheni yenye kinga huhitaji ethi ili kupeleka umeme uliozidi ardhini.
4. Chomoa plagi umeme unapokatika na radi inapokaribia. Kuzima swichi pekee hakutoshi, kwani radi huweza kuruka pengo la swichi.
5. Taa zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida au kufifia na kupanda, zima swichi kuu na utoe taarifa TANESCO. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea.

Swali la mazoezi

Heta ya wati 1,000 kwa volti 230 imepata volti 400. Tafuta nguvu yake mpya, ukichukulia kuwa ukinzani haubadiliki. (Jibu: takribani wati 3,025)